Mrejesho: mdogo wangu na maombi ya chuo

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita niliuliza hapa: mdogo wangu yuko Nansio, Ukerewe, aombe chuo kwa mtandao au ajaze fomu ya karatasi niipeleke mwenyewe, maana mimi niko Igoma, Mwanza, ng'ambo ya ziwa? Wengi mlisema mtandao. Wachache mlisema karatasi ina uhakika.

Tulianza na karatasi, kusema kweli. Fomu ikavuka ziwa na meli, nikaipeleka chuoni, na yule dada wa mapokezi akanirudishia: picha moja imepungua, na nakala ya cheti cha kuzaliwa haina mhuri wa wakili. Kuituma tena Nansio na kusubiri irudi, siku nne zimekwenda. Iliniuma sana.

Basi mdogo wangu akavuka mwenyewe, tukaingia steshenari moja pale Nyegezi, hukuhuku Mwanza, kuomba kwa mtandao. Aliandika namba yake ya mtihani wa kidato cha nne na matokeo yakaja yenyewe. Ada tukalipa kwa simu kwa namba ya malipo, na ujumbe ukaingia hapohapo. Nawasihi jambo moja: wekeni namba ya simu na barua pepe ya mwombaji mwenyewe, si ya mwenye steshenari, na nywila aiandike kwenye daftari. Kijana aliyetuhudumia alitaka kuweka yake, nikakataa.

Jana jioni mdogo wangu kapata ujumbe: amechaguliwa, uuguzi. Mama kalia kwenye simu. Asanteni sana, ndugu zangu.