Naomba ushauri: vigawo vya 4,294,967,297

Ndugu wanajamvi, heshima kwenu. Ninafundisha hisabati sekondari hapa Kasulu, Kigoma, na wanafunzi wangu wameipenda sana namba 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 jumlisha 1, ambayo mwanahisabati Fermat aliamini ni namba tasa, lakini mwanahisabati mwingine, Euler, akaonesha mwaka 1732 kwamba ni 641 mara 6,700,417.

Kuthibitisha kwamba 641 ni kigawo hakutusumbui, kwa kuwa 641 ni 5 mara 128 jumlisha 1, na pia ni 625 jumlisha 16. Ugumu uko kwenye utafutaji wenyewe. Kila kigawo tasa cha namba hiyo kikigawanywa kwa 64 hubakiza 1, nasi tukajaribu ubaoni kwa mkono: tulipogawa kwa 193 ilibaki 109, kwa 257 ikabaki 2, kwa 449 ikabaki 325, kwa 577 ikabaki 288, na kwa 641 haikubaki kitu, darasa zima likashangilia.

Naombeni mnisaidie: kanuni hiyo ya 64 inaelezwaje kwa mwanafunzi wa kidato cha nne? Na je, ili kuthibitisha kwamba 6,700,417 ni tasa, inatosha kujaribu namba tasa za aina hiyohiyo zisizozidi 2,588, kwa kuwa kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589?