Mwisho wa Paranormal Activity 2: deni la ukoo au dhuluma ya Daniel?

Mzee wa Mkoani:
Assalaam alaykum. Jana tuliitazama tena filamu hii ya mwaka 2010, na ubishi wa mwisho wake ukatukesha kuliko filamu yenyewe. Daniel anamtoa pepo kwa mkewe Kristi na kumhamishia Katie, shemeji yake. Kisha Katie anarudi, anawaua wote wawili na kutoweka na mtoto wao Hunter. Je, ni deni la bibi mmoja wa ukoo wa Kristi, aliyetafuta mali kwa kumwahidi pepo mtoto wa kiume, au ni malipo ya dhuluma ya Daniel?

Binti Chake:
Wa alaykumu ssalaam. Mimi nasema dhuluma. Habari ya deni katika filamu hii ni dhana ya Ali, binti yake Daniel, ilhali kitendo cha baba yake tumekishuhudia, tena Ali alimsihi asikifanye.

Ami wa Wete:
Mwanangu, hayo mawili hayatengani. Kwetu, pepo wa ukoo hapungwi kabla ya kuulizwa jina lake na anachokitaka, ndipo watu wakapatana naye. Daniel hakuuliza lolote: alibadilisha kiti tu, yaani mtu anayekaliwa na pepo, deni likabaki palepale, na mdai akarudi kuchukua chake akiwa katika mwili wa Katie. (Yaya Martine, aliyefukuzwa kwa kufukiza majani ndani ya nyumba, ndiye pekee aliyeelewa mapema.)

Mkaazi wa Ng'ambo:
Samahani Ami, mimi naona biashara. Filamu ya kwanza iligharimu takriban dola 15,000, ya pili kama milioni 3; maandishi ya mwisho yasemayo kwamba Katie na Hunter hawajulikani walipo ni chambo cha sehemu ya tatu.

Ami wa Wete:
Lau ingekuwa chambo tu, ndugu yangu, sehemu ya tatu ya mwaka 2011 ingeanzia hapo. Badala yake ilirudi mwaka 1988, Katie na Kristi wakiwa watoto, ikatuonyesha bibi yao mwenyewe akiwa ndani ya jambo hilo. Dhana ya Ali ikapata nguvu.

Mzee wa Mkoani:
Nimeridhika na hoja ya kiti, Ami. Mke wangu lakini amebaki upande wa Binti Chake, na anauliza kwa nini Daniel hakujitolea kuwa kiti yeye mwenyewe.