Chuo kimekula ada yangu halafu kinaniambia presepta nijitafutie mwenyewe!!

Wakuu habari zenu, leo naandika na hasira mnisamehe nikichapia.

Mimi ni nesi hapa Texas mwaka wa nane sasa, nilianza na kuogesha wazee kama wengi wenu mnavyoyajua haya maboksi, nikasoma nikawa RN (nesi kamili mwenye leseni), sasa nasomea NP ya familia, ule unesi wa juu wa kupima mgonjwa mwenyewe na kumwandikia dawa. Chuo ni cha mtandaoni, kiko jimbo lingine kabisa. Masomo hayanisumbui, kinachoniua ni klinikali. Lazima ukae na wagonjwa chini ya presepta, yaani NP au daktari mwenye leseni aliyekubali umfuate kazini kwake. Zamani kiwango cha chini kilikuwa masaa 500, viwango vya kitaifa vya programu za NP vya 2022 vikapandisha mpaka 750. Na mimi 750 siyapingi, mtu anayekwenda kumwandikia mtoto wa watu dawa acha aive. Ninachouliza, huyo presepta anatafutwa na nani?

Ni MIMI. Ada ya semista ya klinikali wameshakata, nilipoomba msaada nikatumiwa eksel ya majina 40 ya mapresepta. Nimepiga yote siku zangu za ofu. Kliniki mbili zimefungwa, namba moja ni ya duka la matairi (sitanii), mama mmoja akaniambia alistaafu kabla ya korona na alishawaambia chuo wamtoe kwenye listi. Waliobaki ni hatuchukui wanafunzi, au tunachukua wa chuo tulichosaini nacho mkataba tu.

Wiki iliyopita nimetoka shifti ya usiku saa moja asubuhi, sijalala, nikakaanga sambusa, nikabeba na bahasha yenye CV, chanjo, bima, kipimo cha TB, kila kitu, nikaenda kliniki moja ya watoto. Dada wa mapokezi akala moja palepale, akasifia, akapeleka kontena ndani kwa wenzake. Bahasha yangu akaitupia kwenye trei pembeni ya printa, na ile trei jamani ilikuwa imejaa bahasha kama yangu, hazipungui 15. Sambusa zikaingia ndani, bahasha ikabaki nje.

Mapresepta wenyewe siwalaumu sana. Mtu anaona wagonjwa zaidi ya 20 kwa siku, mwanafunzi anamchelewesha, na wengi hawalipwi hata senti kwa hiyo kazi. Majimbo machache kama Georgia na Maryland angalau wanawapunguzia kodi. Basi hapo katikati ndio wamejaa madalali, kampuni inakutafutia presepta kwa hela, mimi nimetajiwa dola 14 kwa saa, masaa 180 ya klinikali ya watoto ni dola 2,520, nje ya ada!! Kwa hiyo namlipa chuo anifundishe halafu namlipa dalali anitafutie wa kunifundisha.

Nimempigia mdogo wangu anayesoma unesi Bongo nimlilie, kacheka mpaka simu ikakata. "Dada, yaani Marekani fildi unajitafutia?" Wao chuo kinawapangia, unaenda wodini na wenzako, ugomvi wenu unabaki nauli. Na hapahapa wanafunzi wa udaktari wengi wanapangiwa na vyuo vyao, sisi ndio tunapita mlango kwa mlango kama wauza vitumbua.

Kilichonichefua zaidi, hawa CCNE wanaokagua vyuo vya unesi wameandika kabisa kwamba kuhakikisha kuna sehemu za klinikali za kutosha ni jukumu la programu. Nikamtumia mratibu. Kajibu baada ya siku tisa, "tunathamini uvumilivu wako", na ile ile eksel kaiambatanisha tena. Ile ile, na duka la matairi ndani!

Nisipopata nasukumwa semista ijayo, na nikikaa nje miezi 6 mkopo wa serikali unaanza kudai.

Kwa hiyo mnaofikiria kuapply, kabla hujalipa hata dola moja waulize kwa maandishi nani anatafuta presepta. Wakianza kuzungukazunguka na "tutakusapoti", kimbia.

Na mwenye kumjua NP wa watoto kuanzia Fort Worth mpaka Denton anicheki PM, hata kuendesha saa nzima na nusu kila asubuhi nitaendesha, makaratasi yote ninayo mpaka chanjo ya mafua.