Naomba ushauri: kumpeleka baba Nairobi kushuhudia kuapishwa kwa Rais wa Kenya mwaka 2027

Binti wa Mwanza ameuliza:

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Baba yangu ni mwalimu mstaafu aliyefundisha somo la uraia hapa Mwanza, na tangu Mwai Kibaki alipopokea madaraka kutoka kwa Daniel arap Moi mwaka 2002, amekuwa akisema kwamba anatamani kumwona kwa macho yake rais wa nchi jirani akila kiapo mbele ya wananchi. Umri umekwenda, ingawa bado anatembea mwenyewe kwa mkongojo, nami nimeazimia kumtimizia hamu hiyo baada ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 10 Agosti 2027. Tutasafiri kwa basi kupitia Musoma na Sirari. Naomba kujua nikate tiketi na kulipia chumba kwa tarehe ipi, kwa sababu kila ninayemuuliza ananitajia tarehe yake. Naomba pia kujua kama kuingia uwanjani kunahitaji kadi ya mwaliko, na kama ni busara kumpeleka mtu mzima kama yeye katika umati wa namna ile.

Wakili wa Kisumu amejibu:

Dada, hao wanaokutajia tarehe wanabahatisha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haikupanga tarehe. Imeweka utaratibu wa kuihesabu, na ukiuelewa hutapoteza nauli yako. Kifungu cha 141 kinaelekeza kwamba, iwapo hakuna kesi ya kupinga matokeo, rais mteule ataapishwa Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 14 tangu matokeo kutangazwa. Kesi ikifunguliwa na Mahakama ya Juu ikathibitisha ushindi, ataapishwa Jumanne ya kwanza baada ya siku ya 7 tangu uamuzi kutolewa. Tume ya uchaguzi ina siku 7 za kutangaza matokeo, mlalamishi ana siku 7 za kwenda mahakamani, na majaji wana siku 14 za kuamua tangu kesi ifunguliwe.

Utaona jinsi hesabu hiyo ilivyofanya kazi mwaka 2022: kura zilipigwa tarehe 9 Agosti, William Ruto akatangazwa mshindi tarehe 15, majaji wakatoa uamuzi Jumatatu tarehe 5 Septemba, naye akaapishwa Jumanne tarehe 13. Kwa mwaka 2027, matokeo yakitangazwa kabla ya tarehe 17 Agosti na pasiwe na kesi, kiapo kitaangukia tarehe 31 Agosti. Yakitangazwa tarehe 17 yenyewe, kitasogea hadi tarehe 7 Septemba. Kukiwa na kesi, na muda wote unaoruhusiwa ukatumika, itakuwa tarehe 14 au 21 Septemba. Mimi ningejiandaa kwa kesi, kwa maana tangu Katiba hii ianze kutumika hakuna uchaguzi wa urais ambao haukufikishwa mahakamani.

Lakini zingatia jambo hili kuliko tarehe zote nilizotaja. Ukisubiri hadi uamuzi usomwe, au hadi siku 7 za kufungua kesi zipite bila mtu kujitokeza, bado utakuwa na siku zisizopungua 8 kabla ya kiapo, na hizo zinakutosha kukata tiketi na kufika Nairobi bila haraka. Kabla ya hapo usilipie chochote kisichoweza kurudishwa. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa tarehe 8 Agosti, kura zikapigwa upya tarehe 26 Oktoba, na Uhuru Kenyatta akaapishwa tarehe 28 Novemba. Kumbuka pia kwamba mshindi anahitaji zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti 47. Asipopatikana, kutakuwa na duru ya pili, na kila tarehe niliyokuhesabia itabadilika.

Jirani wa Uwanja amejibu:

Wakili ameeleza vizuri, nami niongeze kuhusu siku yenyewe kwa kuwa naishi Roysambu, karibu na uwanja. Sherehe za 2013, 2017 na 2022 zote zilifanyika katika uwanja wa Kasarani, kando ya barabara kuu ya Thika, lakini usichukulie kwamba lazima itakuwa huko tena; subiri tangazo rasmi la kamati inayosimamia makabidhiano ya madaraka. Mwananchi wa kawaida hahitaji kadi, kwani kadi ni za wageni waalikwa. Kwa sababu hiyo hiyo, anayewahi ndiye anayekaa. Mwaka 2022 uwanja, uliokuwa na nafasi za watu wapatao 60,000, ulijaa kabla jua halijachomoza, watu wakasukumana langoni na baadhi yao wakaumia. Mwaka 2017 polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi watu waliokuwa nje wakitaka kuingia kwa nguvu.

Sheria inataka kiapo kiliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, maana yake aliyeingia saa kumi alfajiri atakaa kwenye kiti kwa saa nyingi, bila uhakika wa kufika msalani kwa urahisi na kurudi akakikuta kiti chake. Kwa heshima zote, dada yangu, mzee mwenye mkongojo asisimame kwenye lango lile. Tafuta chumba cha kupanga Roysambu au Kasarani, mzee aangalie kwenye runinga, nawe ukipenda uende kwa miguu, kwa sababu barabara za karibu hufungwa.

Msomaji wa Katiba amejibu:

Naafikiana na Jirani kuhusu lango, ila sikubali kwamba mzee abaki chumbani moja kwa moja. Tarehe 30 Desemba 2007 Kibaki aliapishwa kwa muhula wa pili Ikulu jioni, muda mfupi baada ya kutangazwa mshindi, wakati nchi ikianza kuwaka moto. Katiba na sheria zilizofuata zimetaka kiapo kiwe hadharani na mchana kwa sababu wananchi wana haki ya kukiona, na mwalimu wa uraia analielewa hilo kuliko wengi wetu. Ushauri wangu ni kwamba, mara tu mahali patakapotangazwa, uandike barua kwa kamati, na nakala uipeleke kwa ubalozi wenu hapa Nairobi, ukieleza umri na hali yake na kuomba aingie kwa mlango usio na msongamano. Wakikataa, fuata ushauri wa Jirani bila kusita.

Binti wa Mwanza amejibu:

Nawashukuru sana. Nimemsomea baba majibu yote, naye amekaa na kalenda akizihesabu zile Jumanne moja baada ya nyingine. Amekubali kwamba barua ikikosa jibu hatakwenda langoni, ila ameomba tufike Nairobi siku chache kabla ili aione Mahakama ya Juu na bustani ya Uhuru, alikoapishwa Kibaki mwaka 2002. Tiketi nitakata baada ya uamuzi wa majaji. Je, kuna jambo lingine la kuandaa mapema?

Jirani wa Uwanja amejibu:

Pasipoti zenu zishughulikieni sasa, zisingoje mwezi wa uchaguzi. Mzee pia abebe sweta nzito na soksi, kwa sababu Nairobi ya Agosti si kama Mwanza. Asubuhi huwa na mawingu na baridi kali, na hata mwanzoni mwa Septemba alfajiri bado ni ya kujifunika. Kama anatumia dawa, ziwe kwenye mkoba wake wa mkononi na si kwenye buti la basi, kwa kuwa safari ni ndefu na mpakani mtashuka.