Barabara ya Bagamoyo inachimbwa mara ya ngapi hii? Sisi wa Tegeta tumemkosea nani?

Wakuu, poleni na majukumu.

Naandika nikiwa nimesimama ndani ya daladala, Lugalo hapa Dar, saa 1:50 usiku. Nilipanda Makumbusho saa 12 kasoro. Hesabuni wenyewe. Mzee mmoja aliyeshuka Mwenge akasema anatembea tumempoteza mbele huko, na sidhani kama tutamwona tena.

Kabla hamjaniambia "maendeleo yana gharama zake mkuu, vumilia", ngoja niwakumbushe. Mimi nimeanza kuvumilia zamani. Nilivumilia upanuzi wa Mwenge–Tegeta, zile kilomita 12.9 za msaada wa Wajapani, vumbi tulikula mpaka ikazinduliwa 2014. Tukashukuru kwa dhati. Mwaka uliofuata Magufuli akafuta sherehe za Uhuru, shilingi bilioni 4 zikahamishiwa kupanua Morocco–Mwenge, kilomita 4.3. Tukashangilia, mimi mwenyewe nilipiga makofi kwenye televisheni ya kinyozi. Kipande hicho nacho kikaja kushikwa upya kwa msaada wa Japani hao hao. Halafu 2023 ikasainiwa mikataba ya mwendokasi (mabasi yaendayo haraka) awamu ya nne, mkopo wa Benki ya Dunia, na barabara ile ile, lami ile ile, ikaanza kung'olewa. Kwa hiyo usinifundishe kuvumilia, nina shahada.

Swali langu la kwanza ni hili, wahandisi mliomo humu mnijibu kwa lugha ya kawaida: wakati tunapanua hiyo Morocco–Mwenge, mwendokasi ya Kimara ilikuwa tayari inakamilika, na kila mtu mjini alijua kuna awamu zitakazofuata na Bagamoyo Road ni mojawapo. Hakukuwa na mtu hata mmoja mezani wa kuuliza hizi njia za mabasi zitakaa wapi?

Haya, hayo yamepita. Tuje kwenye kinachoniuma leo.

Siipingi mwendokasi. Naitaka kuliko nyie mnaotoka Sinza. Ninachopinga ni kujenga kana kwamba hakuna watu wanaopita. Barabara imefumuliwa karibu yote kwa mpigo. Ukitoka Tegeta asubuhi kila ukisogea unakutana na mapipa ya plastiki, kifusi, nondo zimechomoza, greda limelala. Limelala, sio linafanya kazi! Kuna sehemu karibu na Africana wamechimba wakaondoka, mvua zikaja, shimo likajaa maji, sasa kuna vyura. Vyura wanaimba, sisi tuko pembeni kwenye njia moja, lori la mchanga, basi la shule, bajaji na gari la wagonjwa lenye king'ora, wote tunasubiriana.

Najua kuna fundi atakuja kuniambia zege halikanyagwi siku ileile, linamwagiwa maji, mpaka siku 28 ndiyo linafikia nguvu yake. Sawa kabisa. Siku 28 nazijua. Mimi nazungumzia zege ambalo limeota majani kwenye maungio, na bado limezungushiwa mapipa, na hakuna aliyetuambia kwa nini tusilitumie kwa muda wakati upande wa pili unachimbwa. Anzeni kipande, malizeni, fungueni, nendeni kingine. Mbona hata mama akifagia uwanja hafagii kote na kuacha kila lundo lilipo?

Halafu hiyo michepuko. Mnakumbuka ile kampeni ya kuwaasa wapenzi wawe waaminifu, "michepuko sio dili, baki njia kuu"? Huku kwetu njia kuu imefungwa na mchepuko ndio balaa zaidi. Wanatoa magari kwenye lami wanayaingiza mitaani, njia ya vumbi ya upana wa kigari kimoja, ina mifereji ya maji machafu na ukuta wa mtu kila upande. Gari mbili zikikutana, dereva mmoja anarudi kinyumenyume mita mia. Jumatatu tumekaa dakika 40 kwa sababu mwenye Prado aligoma kurudi nyuma. Abiria walishuka kumbembeleza kama mchumba. Hizi barabara za ndani zingemwagwa hata kokoto kabla ya kuchimba kubwa, nusu ya kelele zangu isingekuwepo.

Na madereva wetu nao ni ugonjwa. Barabara inapanuliwa, wao wanatanua! Foleni ikisimama tu, mtu anapanda juu ya kifusi, anapita kushoto kwenye njia ya waenda kwa miguu, anakwenda kuziba mbele, basi wa huku hatusogei na wa kule hawasogei. Mimi ninayelalamika, dereva wa daladala yangu alitanua leo mara tatu, na nakiri, kimoyomoyo nilikuwa namwambia "twende kaka".

Pale Mwenge taa zipo, nzuri tu, ila trafiki akiingia kazini taa ni mapambo. Anavuta magari ya barabara ya Sam Nujoma, anavuta, anavuta, wa Bagamoyo tumeshazima injini. Simlaumu sana, yeye mmoja na magari yale yote, lakini kwa nini kwenye vipande vya ujenzi hakuna hata mtu? Yule kijana wa bendera utamkuta saa 5 asubuhi njia ikiwa nyeupe. Saa 12 jioni bendera imechomekwa kwenye mchanga, mwenyewe hayupo.

Sasa nije kwetu tusio na magari, maana sisi ndio hatuhesabiwi. Kituo ninachopandia kimehama mara nne. Hakuna kibao, hakuna tangazo, unajua kimehama ukiona watu wanakimbia. Jana asubuhi nimemsaidia dada mmoja kuvuka mtaro: ana mtoto mgongoni, kiatu mkononi, na mkoba wa chakula ameung'ata kwa meno. Waliweka ubao mmoja tu, ule wa kumwagia zege, una misumari. Mtoto wa shule mbele yetu akavuka kwa kuruka, konda akamfungia mlango kwa sababu ni mwanafunzi. Akasimama pale kwenye matope na sare nyeupe.

Makonda wanakatisha ruti wanavyotaka. Gari limeandikwa Tegeta Nyuki, likifika Tangi Bovu linageuza, "mwisho hapa, foleni". Nauli hairudi. Unalipa mara ya pili, au unapanda boda, na boda wa saa 2 usiku anajua umebanwa. Juzi nimetoa elfu tano kwa safari ambayo zamani nilipanda kwa buku (elfu moja). Kwa wiki mbili hizi nauli imekula hela ya gesi. Naamka saa 10 alfajiri, na kazini wameshanikata siku moja ya mshahara kwa kuchelewa. Bosi anakaa Masaki, anapita daraja la Tanzanite, upepo wa bahari, ananiuliza "kwani hukuiona foleni mapema?"

Ninachoomba si miujiza. Kazi ya usiku. Mtu wa bendera saa za watu kwenda na kurudi. Kibao cha kituo kinapohama. Na mtu wa kutuambia, kwa tarehe, kipande kipi kinafunguliwa lini. Mlioko Gongo la Mboto na Mbagala, nyie mmeshapitia haya, tuambieni mlipigia nani kelele mpaka wakasikia.

Naongezea: tumefika Tangi Bovu saa 2:35. Konda amesema mwisho wa gari hapa. Tuko kumi na nne tumegoma kushuka, dereva amezima taa za ndani.