Wasanii wa ukili (majani ya mkindu yaliyosukwa), makumbi ya nazi na mbao za majahazi kwa mtindo mpya, Unguja nitawapata wapi?

Karafuu_Mbichi
Asalam alaykum jamani. Mie mtu wa Wete lakini naishi Dar, mwezi ujao nakuja Unguja na shoga angu anaesomea sanaa, anataka kuwaona wale wanaochukua vitu vyetu vya asili wakavifanyia kitu kipya, sio zile picha za simba na Wamasai zilizojaa mtaa wa Gizenga kule Mji Mkongwe duka hili na hili zile zile. Anataka akae pale pale wanapofanyia kazi atazame. Wapo kweli au tutazunguka bure? Na mtu anaingiaje, hodi tu?

fundi_randa
Wa alaykum salaam. Wapo. Anzeni Nungwi kwa waunda majahazi, chombo kikichakaa siku hizi mbao hazichomwi, zinanunuliwa zinafanywa meza, vitanda, fremu za vioo. Mwambie aitazame ile mbao kwa karibu, matundu ya misumari yamezungukwa na weusi wa kutu, na kwenye maungio pamba ya kalafati, ile ya kuzibia nyufa maji yasiingie, bado imegandia humo na sifa, yale mafuta ya papa. Fundi anaejua anaiacha ionekane. Asiejua anapiga randa yote ikaisha halafu vanishi mpaka inang'aa kama kochi la bwana harusi, huyo mpiteni.

Bi_Miyaa
Kwa ukili nendeni Pete, pale karibu na msitu wa Jozani, au Makunduchi. Ukindu unaanikwa kwanza mpaka uwe mweupe ndo unachemshwa kwenye sufuria la rangi, usipokauka vizuri rangi haishiki. Vikapu mtaviona popote, mie kinachonipendeza ni wanaoushona ukili ukawa kiwambo cha kutungika ukutani au kifuniko cha taa, shangazi yangu alipoona akasema mkeka gani huu haulaliki 😂 Na makumbi pia, yanafukiwa pwani miezi, yakifukuliwa yananuka hasa, shoga ako akistahamili aone yanavyopondwa mpaka usumba, zile nyuzi za kusokotea kamba, ukatoka, maana wako wanaojiita wasanii wa kamba na kamba wananunua dukani.

Mfaa_wa_Mlango
Kanga je? Yule mchoraji Lubaina Himid kazaliwa hapa hapa Unguja 1954, akashinda tuzo ya Turner, ile kubwa ya sanaa ya Uingereza, 2017, ana kazi kazichora kwa mpango wa kanga kabisa na maneno yake chini. Ila yuko Preston, Uingereza, hodi yenu haitafika 😂 azitazame mtandaoni kabla ya safari.

Karafuu_Mbichi
Shukran sana. Kutazama tu tunalipa?

Bi_Miyaa
Hamna bei mwanangu, lakini mtu kaacha kazi yake akuoneshe, kama hununui toa chochote. Hodi bila taarifa usipige, tafuteni mwenyeji wa hapo kijijini awapigie simu kwanza. Na picha muombe ruhusa, watu washachoka, mtindo unapigwa picha leo kesho uko dukani mjini kwa jina la mwengine. Ijumaa mchana msende, wala siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, kinamama wengi wako pwani kwenye mwani.