Utamaduni unaunda fikra zetu kwa kiasi gani?

Mdadisi wa Morogoro ameuliza:

Habari za kazi, wanajukwaa. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari, na ninaomba msaada wenu katika jambo ambalo limezua ubishi mkali baina yetu walimu. Mwenzetu mmoja alidai kwamba kila utamaduni una namna yake ya kufikiri, kiasi kwamba Mwafrika wa kijijini na Mzungu wa mjini hawawezi kulitazama jambo moja kwa jicho moja. Akaongeza kwamba Mzungu hufikiri kwa mantiki ilhali sisi hufikiri kwa hisia na kwa mazoea ya wazee. Mwingine akampinga vikali, akasema kwamba akili ya binadamu ni moja na kwamba utamaduni hugusa mambo ya nje tu, kama vile chakula, mavazi na sherehe.

Sikuridhika na upande wowote. Dai la kwanza linanukia dharau ya kikoloni, lakini la pili nalo linaupunguza utamaduni hadi ukabaki kuwa pambo. Je, wanaanthropolojia waliokaa na watu na kuwachunguza kwa karibu wamekuta nini? Ningependa mifano halisi ambayo ninaweza kuipeleka darasani, kwa sababu nachelea kuwafundisha vijana dharau iliyovishwa joho la sayansi.

Mkaa Maktaba amejibu:

Mwalimu, dai la mwenzako wa kwanza lina wazazi wanaojulikana. Mwaka 1910 mwanafalsafa Mfaransa Lucien Lévy-Bruhl, akitegemea taarifa za wamisionari na wasafiri, aliandika kwamba watu aliowaita wa jamii duni walikuwa na fikra zilizotangulia mantiki, yaani fikra zisizoona taabu kukubali mambo mawili yanayopingana. Mwaka 1939 Léopold Sédar Senghor, mshairi aliyekuja kuwa rais wa Senegal, kwa nia njema ya kutetea heshima ya mtu mweusi, aliandika kwamba hisia ni ya Mwafrika kama akili ilivyo ya Mgiriki. Mimi naamini kwamba sifa hiyo ilitupokonya zaidi ya ilivyotupa. Lévy-Bruhl mwenyewe aliiacha hoja yake katika madaftari aliyoyaandika mwishoni mwa uhai wake, ambayo yalichapishwa mwaka 1949, miaka kumi baada ya kifo chake. Lakini wengi walioisoma hoja yake ya mwanzo hawakuyafungua madaftari hayo.

Mfano ninaoupenda kwa darasa ni wa Wazande, ambao leo wanaishi Sudan Kusini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwanaanthropolojia Mwingereza E. E. Evans-Pritchard alianza kufanya utafiti kwao mwaka 1926, na kitabu chake kilitoka mwaka 1937. Alieleza kisa cha ghala la nafaka lililojengwa juu ya nguzo. Mchana jua linapokuwa kali watu hukaa chini ya ghala hilo kupunga upepo na kuzungumza. Siku moja ghala linaanguka na kuwaumiza waliokaa chini yake, na Wazande husema kwamba ni uchawi.

Msomaji mwenye haraka atasema kwamba watu hawa hawajui kuwa mchwa hula nguzo. Wanajua vizuri kabisa. Wanajua pia kwamba waliokaa pale walifuata kivuli. Sababu zote mbili wanazo, na hawazikani hata kidogo. Wanachouliza wao ni kwa nini ghala lile lianguke saa ile ile ambayo watu wale walikuwa chini yake, wala si saa moja kabla au baada. Kwa swali hilo sisi tuliosoma hujibu kwamba ni bahati mbaya, jambo ambalo kwa kweli ni njia ya kukiri kwamba hatuna jibu na hatulitafuti. Wazande wanalo jibu, na jibu hilo lina matokeo, maana linaonyesha ni nani wa kuulizwa na ni ugomvi gani wa kusuluhishwa.

Tazama pia ramli yao kuu, iitwayo benge. Kuku hulishwa sumu, kisha sumu huambiwa: ikiwa jambo fulani ni kweli, muue kuku huyu; ikiwa si kweli, mwache. Jibu la kwanza halitoshi. Kuku wa pili hulishwa huku swali likigeuzwa, ili yule ambaye angekufa sasa apone. Majibu yakigongana, Wazande hawashituki, kwa kuwa wana maelezo mengi: sumu imechumwa vibaya, mwiko umevunjwa, au mchawi ameingilia. Hatua moja huifuata nyingine kwa ukali wa kimantiki, ila yote yamesimama juu ya misingi ambayo hakuna anayeitilia shaka. Evans-Pritchard aliendesha mambo ya nyumbani kwake kwa kufuata ramli alipokuwa huko, na akaandika kwamba aliiona kuwa njia ya kuridhisha kama nyingine yoyote aliyoijua. Kwa hiyo ningemwambia mwenzako kwamba utamaduni hauwapi watu mantiki tofauti. Unawapa misingi ya kuanzia, na zaidi ya yote unawapa maswali wanayoona yanastahili kuulizwa.

Darubini amejibu:

Nakubaliana na Mkaa Maktaba, na ninaongeza tahadhari juu ya namna watafiti wanavyopima fikra za watu. Mwaka 1931 na 1932 mwanasaikolojia Alexander Luria alikwenda Uzbekistan na Kyrgyzstan kuwahoji wakulima ambao wengi wao hawakuwahi kusoma. Aliwaambia: huko kaskazini ya mbali, kwenye theluji, dubu wote ni weupe, Novaya Zemlya iko kaskazini ya mbali, je, dubu wa huko wana rangi gani? Mkulima mmoja alijibu kwamba yeye amewahi kumwona dubu mweusi, wengine hajawaona. Alipobanwa zaidi, alieleza kwamba mzee wa miaka sitini au themanini aliyewahi kumwona dubu mweupe na kusimulia habari zake angeweza kuaminika, lakini yeye hajamwona na kwa hiyo hawezi kusema.

Luria alisoma jibu hilo kama dalili ya fikra iliyofungwa na mambo ya kuonekana kwa macho. Mimi naliona kuwa jibu la mtu makini kuhusu ushahidi. Mgeni asiyejulikana anataka aseme jambo kuhusu nchi ambayo hajafika, kwa kutegemea maneno ya mgeni huyo huyo; yeye anakataa, na anataja ni shahidi wa aina gani angemkubali. Kilichomtofautisha na vijana waliopata elimu kidogo, waliojibu mara moja kwamba dubu ni weupe, ni kwamba vijana hao walishazoea mchezo wa shuleni ambao ndani yake mtu huyapokea maneno ya swali bila kuuliza kama ni ya kweli.

Kisa cha Liberia kinalionyesha hili waziwazi zaidi. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia Mmarekani Michael Cole na wenzake waliwapa wakulima Wakpelle vitu ishirini wavipange katika makundi: vyakula, zana, vyombo na nguo vilivyochanganywa. Wakulima waliviunganisha kwa matumizi, kisu wakakiweka pamoja na chungwa kwa kuwa ndicho kinachokata chungwa, na wakasema kwamba mtu mwenye hekima hufanya hivyo. Mwisho mtafiti mmoja akauliza mjinga angevipanga vipi. Wakavipanga mara moja katika mafungu manne safi, vyakula huku na zana kule, kama walivyotaka watafiti tangu mwanzo. Uwezo ulikuwepo muda wote. Kilichokuwa tofauti ni maoni yao kuhusu upangaji upi ni wa akili.

Nahodha wa Bara amejibu:

Wenzangu mmeeleza vizuri, lakini naona mmesimama mapema. Mmefanya utamaduni uonekane kama jambo la misingi na mazoea ya kujibu maswali tu, ilhali unafika ndani zaidi, hadi kwenye kumbukumbu na katika mambo ambayo mtu huyatia maanani bila kujua.

Hope Vale, kaskazini ya Queensland nchini Australia, kuna watu wanaozungumza Guugu Yimithirr. Katika mazungumzo yao ya asili hawatumii kushoto na kulia kueleza mahali vitu vilipo; hata kitu kilicho karibu na mguu wako watakitaja kwa kaskazini, kusini, mashariki au magharibi. Mzee mmoja wa huko alisimulia jinsi mashua ilivyopinduka baharini na wakaogelea hadi pwani. Mtafiti wa lugha John Haviland alirekodi masimulizi hayo mwaka 1980, na mwenzake Stephen Levinson akayarekodi tena miaka miwili baadaye. Mara ya kwanza mzee alikuwa ameketi akitazama magharibi, na mikono yake ikaonyesha mashua ikibiringika kwenda mbele yake. Mara ya pili alikuwa ametazama kaskazini, na mikono ile ikaonyesha mashua ikibiringika kutoka kulia kwenda kushoto. Mara zote mbili mashua ilipinduka kutoka mashariki kwenda magharibi, kama ilivyokuwa baharini. Mtu huyo hakuwa anaulizwa swali la mtihani wala hakuwa anajaribu kumridhisha mtafiti. Kumbukumbu yake ilikuwa imelihifadhi tukio pamoja na pande za dunia.

Wapo waliopinga. Mwaka 2002 wanasaikolojia Peggy Li na Lila Gleitman walionyesha kwamba wanafunzi wa Marekani nao hubadilisha namna ya kukumbuka mpangilio wa vitu kutegemea alama wanazoziona mahali walipo, na mabishano na kundi la Levinson yaliendelea baada ya hapo. Nami nakubali kwamba binadamu yeyote anaweza kujifunza njia zote mbili. Hata hivyo, kuweza kujifunza jambo ni tofauti na kuishi nalo kila saa tangu utotoni, na mimi sioni kwa nini tofauti hiyo ya pili isiitwe tofauti ya fikra.

Mwana wa Tana amejibu:

Naomba kuongeza mfano mfupi wa nyumbani Kenya. Katika utafiti uliofanywa katika jamii ndogo kumi na tano duniani, na uliosimamiwa na Joseph Henrich na wenzake, Jean Ensminger aliwachezesha Waorma mchezo ambao kila mmoja huchangia sehemu ya fedha aliyopewa katika mfuko wa pamoja, mtafiti huuongeza mfuko huo, kisha wote hugawana sawa. Waorma waliutambua mara moja, wakauita mchezo wa harambee, na wakachangia kwa ukarimu. Huko Papua New Guinea, miongoni mwa Waau na Wagnau, ulichezwa mchezo mwingine ambao mtu mmoja hupendekeza mgawo wa fedha na mwenzake huukubali au kuukataa; watu walikataa hata mgawo uliozidi nusu, kwa sababu kwao kupokea zawadi kubwa ni kujitwisha deni. Hakuna kati yao aliyekosea hesabu. Kila mmoja alitafuta katika maisha yake jambo linalofanana na lile aliloletewa, akalifuata.

Mdadisi wa Morogoro ameandika:

Nawashukuru sana nyote. Darubini, nimevutiwa na hoja yako kuhusu shule. Wanafunzi wangu wengi walianza kusoma Kurani madrasani kabla ya kuja kwetu. Je, ni kujua kusoma na kuandika kunakobadilisha fikra, au ni shule yenyewe?

Darubini amejibu:

Mwalimu, umeuliza swali ambalo Sylvia Scribner na Michael Cole walilifuata kwa Wavai wa Liberia katika miaka ya 1970, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1981. Wavai waliwafaa kwa sababu wana hati yao wenyewe, iliyobuniwa katika karne ya 19, ambayo watu hufundishana nyumbani bila shule na kuitumia kwa barua na hesabu za biashara. Wengine hujua Kiarabu kupitia Kurani, na wengine Kiingereza kupitia shule ya serikali. Kwa hiyo iliwezekana kutenganisha kusoma na shule.

Kusoma peke yake hakukubadilisha fikra kwa jumla. Waliopita shule ndio waliokuwa hodari zaidi wa kueleza kwa maneno sababu za majibu yao katika maswali kama lile la dubu. Waliojua hati ya Kivai waliwashinda wenzao katika kumweleza mtu asiyekuwepo jinsi ya kucheza mchezo mpya, kwa sababu mwandishi wa barua huzoea kufikiria kile ambacho msomaji wake hakioni. Na waliosoma Kurani waliwashinda wengine katika kukumbuka orodha iliyoongezwa neno moja moja kwa mpangilio ule ule, jambo linalofanana sana na kuhifadhi aya.

Kwa hiyo ukipata mwanafunzi aliyetoka madrasani ambaye anatoa tarehe za historia kwa mfululizo bila kukosea, lakini anasita unapomtaka aeleze kwa nini tukio moja lilisababisha jingine, usikimbilie kusema kwamba anakariri tu. Amefika kwako akiwa na ustadi alioufanyia kazi kwa miaka. Ustadi wa pili, wa kueleza sababu, ni kazi ya shule kuufundisha, na mara nyingi tunampa mtihani wake kabla ya kumfundisha.